Msimamo wa Wiki ya Tatu

Naandika kwa chaki ya skuli
kwenye mlango wa ghala la mwani, Jambiani,
kwa kuwa Ussi, mwenye ghala, hana haja na upande wa nje wa mlango wake.
Timu sita. Mechi tatu tatu.

Ngisi wa Bwejuu wako juu, alama tisa,
hawajapoteza, ingawa mara mbili wameponea chupuchupu.
Upepo wa Paje, sita, tofauti kumi.
Chaza wa Kizimkazi, sita, tofauti tisa.
Pono, ndio sisi, sita, wa nne.
Chini kabisa Kaa wa Michamvi na Chipukizi wa Makunduchi
wamekaa bega kwa bega na sifuri zao,
kila mmoja hasi kumi na nane,
wakisema msimu bado mbichi.

Kweli mbichi. Mwanzo wa ngoma ni lele.

Ussi anauliza kila wiki, kama vile hajawahi kujibiwa:
Watano kwa watano, wanawake na wanaume,
mnarushiana kisahani,
na refa hamna?
Hamna.
Nani basi anasema rafu?
Aliyechezewa.
Na aliyecheza?
Anakubali. Akibisha, wanazungumza.
Ussi anacheka mpaka anashika mlango:
Hiyo ni ndoa bila kadhi!

Jumamosi ilikuwa bamvua.
Maji yalitoka mbali, uwanja ukawa mpana kama ahadi,
na tulipofika kumi na mbili kwa kumi na mbili na Chaza
yalikuwa yameshaanza kurudi, yanalamba kona ya kusini.
Bao la kuamua.
Pandu akarusha juu, upepo wa kusi usoni.
Kisahani kikapanda, kikasita,
kikateremka polepole kama mgeni anayesoma namba za nyumba,
na Subira akaruka
akakidaka kwa mkono mmoja.

Sisi tukapiga kelele.
Mimi kichwani nilishajumlisha:
alama tisa, tofauti kumi,
Ngisi tisa na tisa.
Wa kwanza! Kwa bao moja, lakini wa kwanza.

Chaza hawakusema neno. Mmoja wao alishaanza kuvua kofia.
Subira alikuwa ameinama, anatazama mchanga.
Kisigino changu, akasema, kilikuwa nje.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kisahani kikawa chao. Pasi nne, bao, basi.
Nilikwenda kuitafuta ile alama ya kisigino.
Maji yalifika kabla yangu.

Pandu hakusema naye hadi Jumanne.
Siku hiyo alipeleka suruali ikapunguzwe, maana Subira ni fundi cherehani
na Jambiani nzima haina mwingine anayeshona pindo likanyooka.
Akamwambia, ungenyamaza tu.
Subira, pini mdomoni:
Nguo za watu nakata kwa nusu inchi.
Mguu wangu niupime kwa huruma?

Tangu hapo nautazama ubao wangu huu
na safu zake: mechi, ushindi, tofauti, alama.
Kisigino hakina safu.
Kutoka wa kwanza hadi wa nne, na anayesoma kutoka Paje
atadhani tulizidiwa nguvu.

Leo alasiri alipita, futi ya kitambaa shingoni,
akasimama, akasoma kuanzia juu.
Alipofika kwetu akasogea karibu.
Tofauti yetu umeandika tisa, akasema.
Ni nane. Umetuongezea moja.

Nilikuwa nimehesabu mara mbili.
Naapa nilihesabu mara mbili.

Nikafuta kwa kiwiko, nikaandika nane,
nane iliyobanwa kiuno, imeinamia upande kidogo.
Yeye alishaondoka, anadaiwa sare za watoto wa chuoni.

Jumamosi ijayo tuna Upepo wa Paje, saa kumi.
Yatakuwa maji mafu,
uwanja mwembamba,
mstari karibu na kila mguu.